Kuanza mbio ndefu ukiwa na miaka arobaini na kitu: mwongozo kamili kwa sisi wa Uganda

Watu wa umri wetu wakiamua kuanza kukimbia, wengi wanaanza na hasira. Daktari amesema presha imepanda, ama suruali ya harusi ya mwaka juzi imekataa kufunga, basi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri mtu yuko barabarani anakimbia vile alikuwa anakimbia sekondari, Jumatano tena, Ijumaa tena, na cha ajabu wiki tatu nne za kwanza mambo yanaenda poa kabisa, pumzi inafunguka, usingizi unakuja wenyewe, anaanza kuwahubiria wenzake kazini. Wiki ya sita au ya saba goti linavimba, ama kisigino kinauma hadi anashuka kitandani akichechemea, na hapo stori inaisha. Raba zinapewa mtoto.

Hii si bahati mbaya, mwili uko hivo. Moyo, damu na mapafu vinazoea mazoezi haraka, ndani ya wiki chache tu unahisi tofauti. Kano na mifupa ni mambo mengine. Kano zinapata damu kidogo, zinajijenga polepole, ni habari ya miezi, na ukishapita 40 ni polepole zaidi. Kwa hiyo wiki ya sita una injini ya Fuso juu ya magurudumu ya baiskeli. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinatoka kwenye jambo hilo moja: pumzi inatangulia, miguu inakuja nyuma, na wewe fuata mwendo wa miguu.

Kwanza pita kliniki

Pima presha na sukari. Kliniki ya mtaani inapima yote mawili na unaondoka na majibu hapohapo. Usiseme "mimi niko fiti sisikii kitu", presha ndo ugonjwa wa kutosikia kitu. Kama kwenu kuna ndugu alianguka ghafla na moyo akiwa bado kijana, ama wewe mwenyewe ukipanda kilima kifua kinabana, mwambie daktari waziwazi, ataamua kama unahitaji kipimo cha moyo kabla ya kuanza.

Wanaomeza dawa wasikilize hapa. Dawa zingine za presha, kama atenololi, zinapunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo zile hesabu za kwenye saa eti 220 toa umri wako haziwezi kukusaidia, nenda na pumzi tu. Zile za kukojoza zinakausha maji haraka kwenye jua. Na mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi asitoke bila pipi au glukosi mfukoni, kwa sababu sukari inaweza kushuka njiani au hata saa kadhaa baada ya kurudi nyumbani.

Ukiwa unakimbia kifua kikabana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu kikaja, ama moyo ukaanza kupiga ovyoovyo, simama na uende hospitali siku hiyohiyo. Usijiambie ni gesi.

Viatu, na vile vya kununua Owino

Sitawaambia mnunue raba mpya za bei mbaya. Pale Owino, au soko lolote la mitumba hapa kwetu, kuna raba za kukimbia nzuri kuliko hizo feki zinazong'aa madukani. Lakini ujue kuchagua, kwa sababu muuzaji ameziosha na kuzisugua hadi juu zinaonekana kama zimetoka kiwandani jana, na juu hapakwambii chochote. Geuza. Angalia soli upande wa nje wa kisigino, kama mpira umeisha mpaka sponji inaonekana, rudisha. Halafu viweke viwili kwenye meza au ubao wa muuzaji, chuchumaa uviangalie kwa nyuma, kiatu kilichoegemea upande mmoja kimeshakunywa mwendo wa mtu mwingine na kitakuvuta goti. Kisha bonyeza ile sponji ya pembeni kwa kidole gumba, ikiwa imejaa mikunjo na hairudi ukiachia, imekufa, hata kama kiatu ni cha jina kubwa. Mwisho kikunje, kinatakiwa kukunjika karibu na vidole, kikikunjika katikati acha.

Nenda jioni maana miguu huwa imevimba kidogo, vaa soksi zako utakazokimbia nazo, na hakikisha mbele ya kidole kirefu kuna nafasi ya upana wa kidole gumba. Kiatu kipya cha kukimbia kinakaa kilomita kama 500 hadi 800, cha mtumba kimeshakula sehemu ya hizo, hivyo ukianza kusikia miguu inachoka bila sababu angalia kiatu kwanza. Na usivae hizo raba kwenda kazini na sokoni, ziwe za kukimbia tu.

Miezi mitatu ya kwanza

Wiki ya 1 na ya 2 hukimbii. Ndio, umesoma vizuri. Unatembea dakika 30, haraka, jasho litoke kidogo, siku nne kwa wiki. Wanaume hasa hawapendi kusikia hii na ndo wao wanaoruka moja kwa moja hadi kilomita tano.

Wiki ya 3 na ya 4 unatoka mara tatu kwa wiki, na kila ukitoka kesho yake hukimbii. Tembea dakika 5 kupasha mwili, kisha kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, malizia kwa kutembea dakika 5. Wiki ya 5 na ya 6 kimbia 2 tembea 2, mara 7. Ya 7 na ya 8 kimbia 4 tembea 2, mara 5. Ya 9 na ya 10 kimbia 7 tembea 2, mara 3. Ya 11 kimbia 12, tembea 2, kimbia 12. Ya 12 jaribu dakika 25 bila kutembea. Wiki ikikushinda irudie, hata mara mbili, hakuna mtu anakupa maksi. Na hapo kati ya wiki ya 5 na ya 8 ndo pale nilisema, pumzi itakuambia "mbona hii ni rahisi, ongeza", usiisikilize.

Sasa mwendo. Kwetu hapa kipimo kiko tayari na hakihitaji saa: salamu. Ukikutana na mama mmoja anafagia mbele ya duka lake, uweze kumsalimia, ujibu za nyumbani, za watoto, za kazi, bila kukata maneno. Ukiweza kutoa "nzuri" peke yake na kuhema, unakimbia mbio sana, punguza. Utaona aibu kwa sababu mwendo huo kwa wengi wetu ni dakika 8 kwa kilomita, hata 9, na watoto wa shule wenye mabegi watakupita wakicheka. Waache wapite. Ukichoka kwenye kilima tembea, Kampala haijajengwa kwa ajili ya wanaoanza kukimbia, na kushuka mteremko kwa kasi ndo kunapiga magoti na mapaja kuliko kupanda, kwa hiyo shuka kwa hatua fupifupi.

Kichomi cha ubavuni kikikushika usisimame ghafla, punguza, toa pumzi yote nje polepole mara kadhaa, kitaachia. Mara nyingi kinatokana na kula karibu sana na kutoka.

Wapi, na saa ngapi

Sisi tuko karibu na ikweta, jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima, saa tatu tayari linachoma. Dirisha lenu ni hilo la katikati. Kutoka saa kumi usiku ni ushujaa wa bure, giza, mbwa, mitaro isiyofunikwa, na madereva wenye usingizi. Ukilazimika kutoka gizani vaa kitu cha rangi ya kung'aa na ubebe tochi.

Magari yetu yanaenda kushoto, kwa hiyo wewe kimbia upande wa kulia uone yanayokuja. Hiyo ndo kanuni, lakini boda hazina upande, zinakuja kutoka mbele, nyuma na juu ya njia ya miguu, basi usiweke spika za masikioni zote mbili. Halafu zoea tu kwamba kila steji utakayopita mtu atakuuliza "mzee, tugende?", yaani twende, na mwingine atakufuata taratibu na pikipiki akidhani umekosa nauli. Ukikataa kwa tabasamu wiki moja, wiki ya pili ndo haohao watakuuliza mbona jana hukupita.

Barabara ya vumbi jekundu iliyoshindiliwa ni laini kwa miguu kuliko lami, ila mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinaigeuza sabuni. Uwanja wa shule wenye nyasi ni dhahabu, ongea na mlinzi vizuri. Wa Jinja mna bahati, ile mitaa ya zamani ya kuelekea mtoni ni mipana, ina miti, tena mji si wa vilima vikali. Wa Kampala mtafute njia ya kuzunguka chini ya kilima badala ya kukipanda. Na ukienda kijijini Krismasi, sema Kapchorwa au Kabale, kumbuka Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari na huko ni zaidi sana, hewa ni nyembamba, usishangae pumzi kukatika kwa mwendo uleule.

Kazi ya nyumbani, dakika kumi na tano mara mbili kwa wiki

Hii ndo sehemu watu wanaruka, na kwa maoni yangu kwa mtu wa miaka 45 ina thamani kuliko kilomita za ziada. Misuli inapungua kadiri umri unavyoenda na kukimbia peke yake hakuirudishi.

La kwanza na la muhimu kuliko yote ni kisigino kwenye ngazi. Simama kwenye ngazi moja, nusu ya mbele ya nyayo iko juu ya ngazi, visigino vinaning'inia nje, shika ukuta. Panda juu kwa miguu yote miwili mpaka umesimama kwa vidole. Hapo inua mguu mmoja, shuka kwa mguu uliobaki, taratibu, hesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kiko chini ya ngazi. Utasikia shavu la mguu linavutika, ndivyo inavyotakiwa, ila isiwe maumivu makali. Weka mguu wa pili, panda tena kwa yote miwili. Mara 12 kila mguu, pumzika, rudia mara mbili zaidi. Kupanda si kazi, kushuka ndo kazi, anayeshuka kwa kuangusha mwili hajafanya kitu. Hiyo inajenga kano ya kisigino kuliko dawa yoyote ya kuchua.

La pili, kaa na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono, mara 12, na ikiwa rahisi shika jerikani ya lita 5 kifuani, baadaye ya lita 10. La tatu, simama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki. La nne lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu mpaka tano, shusha. Imetosha, usiniletee mambo ya jimu.

Maumivu: yapi ya kuvumilia

Misuli kuuma kesho yake na keshokutwa ni kawaida. Kitu kinachouma kidogo mwanzoni, mwili ukipata joto kinapotea, na asubuhi hakipo, endelea lakini usiongeze. Kitu kinachokufanya uchechemee, simama siku hiyo, hata kama uko mbali panda boda. Maumivu yaliyo kwenye mfupa, sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, hasa mbele ya mguu chini ya goti au juu ya wayo, na yanazidi kila ukikimbia, hayo yaogope, inaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa na huo unataka wiki kadhaa za kutokimbia kabisa pamoja na daktari.

Tafadhali sana, ile tabia ya kumeza diklofenaki kabla ya kutoka ili goti linyamaze, acheni. Dawa hizo ukichanganya na jasho na kukosa maji zinaumiza figo na tumbo, na pia zinaficha lile onyo ulilokuwa unalihitaji. Na ukiwa na homa hukimbii. Malaria ikikushika maliza dawa, subiri nguvu zirudi, kisha rudi nyuma wiki mbili tatu kwenye ratiba.

Kula na kunywa

Kwa mbio za chini ya saa moja huhitaji kitu cha pekee, chai na ndizi moja bogoya dakika 45 kabla vinatosha, wengine wanatoka tumbo tupu na wako sawa. Matoke, posho, viazi vitamu, maharage, mukene (dagaa), mayai, chakula chetu ni chakula cha wakimbiaji tayari, kilichobaki ni kupunguza soda na ule mlo wa saa nne usiku. Rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, baada ya mbio ndefu siikatazi kwa mtu.

Ukifika kukimbia zaidi ya saa moja jitengenezee kinywaji: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Kunywa kwa kiu. Kujijaza maji matupu lita na lita kwenye mbio ndefu ni hatari vilevile, kunazimua chumvi ya mwili na watu wanazirai.

Kwa dada na mama zetu

Mambo matatu hayasemwi hadharani kwa hiyo nayasema. Sidiria ya kukimbia iliyobana vizuri ni muhimu sawa na kiatu. Mkojo kutoroka kidogo ukikimbia, baada ya watoto kadhaa, ni jambo la kawaida sana na si la kuacha mbio, kuna mazoezi ya kukaza misuli ya chini kama unavyozuia mkojo, kaza hesabu tano, achia, mara 10, mara tatu kwa siku, na lisipopungua kwa miezi michache mwone mtaalamu wa viungo. Na hedhi ikiwa inakoma, mifupa inapungua nguvu haraka, hapo yale mazoezi ya jerikani si hiari. Anayetaka kujistiri avae taiti ndefu na tisheti pana, kitambaa chepesi cha kichwani, hakuna sheria inayosema mbio ni kaptula.

Kutoka kilomita 5 mpaka 21

Ukishaweza dakika 25 hadi 30, kaa hapo mwezi mzima. Kisha chagua siku moja kwa wiki, wengi wetu ni Jumamosi au Jumapili alfajiri kabla ya misa, iwe ya mbio ndefu, na uiongeze kwa kilomita moja tu kila wiki, na kila wiki ya nne urudi nyuma kidogo miguu ipumue. Siku zingine mbili zibaki fupi na rahisi. Kilomita 10 mwezi wa sita au wa saba ni mwendo mzuri. Kilomita 21 nasema baada ya mwaka. Kuhusu 42 msinisukume, mwaka mmoja na nusu ndo mapema, na kama unadhani naogopa bure, mwangalie Joshua Cheptegei wetu wa Kapchorwa: mwaka 2020 aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Valencia, 26:11.00, halafu mwaka 2023 akarudi mji uleule kwa marathoni yake ya kwanza akamaliza wa 37. Huyo ni bingwa wa Olimpiki, kijana, hana kazi ya ofisini.

Siku ya mbio

Za kuanzia ziko nyingi: ile ya siku ya kuzaliwa Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Lubiri kwenye kasri lake, ya Rotary ya saratani, marathoni ya Kampala, na kwa wa magharibi kuna ya Rwenzori huko Kasese. Jiandikishe kilomita 5 au 10, usidanganywe na marafiki wa ofisini wanaochukua 21 kwa sababu ya tisheti.

Usivae kitu kipya, hata soksi. Paka mafuta ya mgando kwapani, kati ya mapaja na popote nguo inaposugua. Fika mapema kwa sababu foleni ya choo ni mbio nyingine, na barabara zinafungwa. Simama nyuma. Muziki ukipigwa na umati ukitoka utapenda kwenda nao, kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko zote, utawakuta hao kwenye kilima wameshika viuno.

Ukimaliza tembea dakika kumi, usikae chini papo hapo, kunywa, kula ndani ya saa moja. Kesho yake na keshokutwa tembea tu. Kwa 10 pumzika siku tatu nne, kwa 21 wiki nzima au zaidi, na kipimo ni ngazi: siku utakayoshuka ngazi za nyumbani au za ofisi bila kushika ukuta, ndo unaweza kutoka tena, dakika 20, mwendo wa salamu.